Chembe ya Mia na Kumi na Tano

Huguette Vuaillat aliamka amenuna, na kahawa aliyomiminiwa na mumewe haikumsaidia kitu. Siku yenyewe ilikuwa imefika. Asubuhi hiyo wakubwa wa maabara wangesimama mbele ya dunia nzima waseme kama wameiona ile chembe, na kama wameiona, ina uzito gani. Eti waseme wao! Yeye aliujua uzito huo miaka kumi na miwili nyuma: mia na kumi na tano, kwa vipimo vyao vya chembe. Wangempigia simu tu angewaambia bure, bila kuhangaika kujenga mashine mpya.

"Kunywa basi," Gilbert akamwambia. "Ukikaa mbele ya televisheni na njaa utaipasua."

"Nitaipasua hata nikishiba."

Tusije tukadhani Huguette alikuwa profesa. Alizaliwa Sergy, chini ya milima ya Jura, binti wa mfuga ng'ombe, akasomea umeme, akapata kazi katika maabara hiyo ya chembe kabla hajaolewa. Kazi yake ilikuwa kukaa zamu katika chumba cha kuongozea mashine. Na mashine yenyewe ilikuwa pete, pete ya kilomita ishirini na saba chini ya mashamba ya watu, humo ndani elektroni zikikimbizwa huku na chembe pinzani zake zikikimbizwa kule, hadi zigongane. Juu ng'ombe wanatafuna majani, hawana habari.

Mkuu wake wa zamu alikuwa Roland Chappuis wa kijiji cha Crozet, mtu mrefu, mpole, mwenye utani wa taratibu. Wawili hao walikuwa chanda na pete. Huguette alipojifungua Maëlle, hakutafuta mbali: Roland ndiye aliyemshika mtoto kanisani, akawa baba yake wa ubatizo, na tangu hapo kila Jumapili ya baridi alikuwa mezani kwao na chupa ya divai mkononi.

Ilikuwa mezani hapo, mbele ya sufuria ya jibini iliyoyeyushwa, ambapo Maëlle, bado mdogo, aliuliza mama yake anatafuta nini huko chini ya ardhi. Huguette akamweleza. Vitu vyote vimejengwa kwa chembe ndogo kabisa, zisizogawanyika tena. Ukizifuata kwa hesabu zinatakiwa zisiwe na uzito hata kidogo, zote zikimbie kama nuru. Na zikikimbia hivyo hakuna kitakachoshikana, si jiwe, si ng'ombe, si baba Gilbert. Sasa kwa nini vitu vipo? Wataalamu wakasema kuna kitu kimeenea kila mahali, wanakiita uga, huwezi kukimwaga wala kukifagia. Chembe inayoshikwa na uga huo inapata uzito. Isiyoshikwa, kama nuru, inapita bure.

"Angalia," akasema, akachovya uma mtupu kwenye jibini. "Huu unapita. Sasa weka mkate. Unaona unavyovutwa?"

"Unamdanganya mtoto," Roland akadakia. "Jibini inausimamisha mkate. Uga hausimamishi kitu, mwanangu. Unafanya tu kiwe kigumu kusukuma, na kikishakwenda kiwe kigumu kuzuia. Kama mama yako."

"Kula huko, baba mtakatifu wewe!"

Wakacheka mpaka mkate wa Roland ukadondokea sufuriani. Ndivyo walivyokuwa.

Kuuhakikisha uga huo ilibidi ugongwe kwa nguvu hadi utoe chembe yake wenyewe, ile inayoitwa ya Higgs. Na chembe ikiwa nzito, nguvu ya kuitoa inatakiwa iwe kubwa. Mwaka wa mwisho wa ile mashine ya zamani, Huguette na wenzake waliisukuma kupita hata walivyokusudia walioijenga. Mitambo ililia. Usiku wanabembeleza, mchana wanabembeleza. Na vuli ilipoingia, ikaanza kuonekana michoro michache ya migongano, ya ajabu, yote ikielekeza hapo hapo: mia na kumi na tano.

Michache, ndiyo. Wengine wakasema huenda ni bahati nasibu. Ilihitajika muda tu, mwaka mmoja zaidi, jambo lijulikane. Lakini mashine ilikuwa imeshapangiwa kufa. Handaki la pete lilitakiwa litolewe kila kitu ili mashine mpya, yenye nguvu zaidi, iingie, na wajenzi walikuwa wanasubiri mlangoni.

Watu wa zamu wakakutana kwenye mgahawa wa kazini. Anayeunga mkono kuomba mwaka mmoja, anyooshe mkono. Mikono yote ikapanda, isipokuwa mmoja. Mkono wa Roland ulibaki umeshika kikombe.

"Roland," Huguette akamwita, akidhani hajasikia.

"Tuzime," Roland akasema. "Ile mpya ikichelewa, vijana wanaokuja watakuta shimo na madeni. Tuzime."

"Michoro umeiona?"

"Nimeiona."

"Kwa macho yako haya?"

"Kwa macho yangu."

"Halafu unasema tuzime? Wewe?"

Wakubwa walipokata shauri, kitufe cha kuizima mashine alikibonyeza Roland mwenyewe, maana zamu ilikuwa yake na hakutaka kumtwika mwingine. Huguette alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake. Pete ikanyamaza. Wiki zilizofuata malori yakawa yanapita Sergy na vipande vya mashine, na yeye dirishani anayahesabia laana.

Jamani, kuna hasira zinazopita kama mafua, na kuna zinazojenga nyumba. Ya Huguette ilijenga ghorofa. Aliomba ahamishwe idara, akamaliza miaka yake ya kazi bila kukanyaga tena chumba kile. Huku kwao watu wakinyanyua glasi, kila mmoja anagonganisha na mwenzake huku wanatazamana machoni, mmoja mmoja, usimruke mtu. Huguette aligonganisha meza nzima, akifika kwa Roland anaiweka glasi chini kama aliyeshikwa na kiharusi cha mkono. Wakikutana sokoni, Roland anaanza: "Habari za asubuhi, Huguette." Anapewa kisogo. Siku ya sikukuu ya bendi ya kijiji alimwita muuaji mbele ya watu na matarumbeta yao. Roland akavua kofia, akakaa kimya. Kimya kile ndicho kilichomchoma zaidi. Mtu asiyejibu si anajiona bora kuliko wewe?

Kisha Maëlle akapata mchumba. Msichana alikuwa amekwishahamia Lyon, kazi zake huko, lakini harusi akaitaka nyumbani, na baba yake wa ubatizo awepo.

"Akija yeye siji mimi," Huguette akasema.

"Mama, alinishika kanisani!"

"Akakushika, na mashine akaizima. Chagua."

Maëlle alilia. Gilbert akajaribu kusema neno, akaambiwa anyamaze, akanyamaza. Roland hakualikwa. Alituma kifurushi kwa bibi harusi, kimefungwa utepe, na Huguette akakirudisha posta bila kukifungua. Hilo Maëlle hajaambiwa hadi leo.

Sasa rudini sebuleni. Televisheni inaonyesha ukumbi umejaa, vijana wengine wamelala mlangoni usiku kucha wapate viti. Mtaalamu anaongea, michoro inapita, Huguette amekaa ukingoni mwa kochi, mikono magotini. Na mchoro ukatokea, wenye nundu pale chembe ilipo. Watu wakapiga makofi, wakasimama. Gilbert akavaa miwani asome.

"Mia na ishirini na tano," akasoma. "Na ushee."

"Soma vizuri."

"Mia na ishirini na tano, mama Maëlle."

Hesabu ile hakuihitaji karatasi. Alikuwa akiijua nguvu ya mashine yake kama anavyoijua njia ya kwenda chooni. Kuitoa chembe ya mia na ishirini na tano, mashine ya zamani isingeweza. Si kwa mwaka mmoja, si kwa miaka kumi, hata wangeipigia magoti. Kwa hiyo ile michoro haikuwa kitu. Bahati nasibu tu, kama walivyosema waliosema. Pale alipowaambia watu wote kuwa chembe iko, hapakuwa na chembe.

"Basi," Gilbert akasema pole pole. "Si imepatikana? Si ndicho mlichokuwa mnatafuta?"

"Usiniongeleshe!"

Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Huguette hakuchutama. Alichukua ufunguo wa gari, na ndara zake miguuni, akaendesha hadi Crozet akitukana njia nzima. Alimtukana mtaalamu, akaitukana bahati nasibu, na Roland zaidi ya wote, kwa sababu sasa alikuwa ametoka mshindi na lazima atakuwa jikoni kwake anacheka. Alipiga mlango kwa ngumi na kuingia kabla hajaitikiwa.

Roland alikuwa amekaa mbele ya televisheni yake. Alikuwa amezeeka. Macho yalikuwa mekundu na mashavu yamelowa, wala hakujificha.

"Haya, cheka!" Huguette akafoka. "Nimekuja unicheke uso kwa uso. Ulikuwa sahihi. Ulijua!"

"Sikujua," Roland akasema.

"Usinifanye mtoto. Ulikataa kunyoosha mkono kwa sababu ulijua hakuna kitu."

"Huguette, niliamini kama wewe. Mia na kumi na tano. Siku ile nabonyeza kitufe, niliamini chembe iko pale na mimi naiua." Akajifuta kwa kiganja. "Nilifikiri mashine mpya itawapa vijana hicho na mengine zaidi, ndiyo maana nikasema tuzime. Lakini sisi nilitunyang'anya. Wewe nilikunyang'anya. Kila uliponipa kisogo nilisema moyoni, ana haki huyu mama. Niache anipige."

"Miaka yote hii?"

"Mpaka asubuhi ya leo. Leo ndiyo nimejua sikuua kitu."

Hasira ikampanda Huguette upya, kali kuliko ya njiani, na haikujua imwendee nani.

"Mpumbavu mkubwa wewe! Kwa nini hukunijibu? Nimekuita muuaji mbele ya bendi nzima! Ungenitukana! Ungenimwagia hata ndoo ya maji! Mtu gani anapigwa bure anasema asante?"

"Ungenisikia?"

Asingemsikia. Wote wawili walijua. Televisheni ikaendelea kupiga makofi, Roland akainuka akaizima. Alibaki amesimama mbele yake, amempa Huguette mgongo.

"Siku ya harusi," akauliza, "Maëlle alivaa gauni gani?"

Huguette alikuwa na jibu, la kola ya juu, jeupe, lenye vifungo mgongoni, lakini si yeye aliyestahili kulitoa. Akaenda ukutani kwenye simu ya Roland, akabonyeza namba ya Lyon, akamtia Roland mkonga sikioni kwa nguvu kama anayemlisha dawa.

"Muulize mwenyewe. Na mimi nitamwambia yangu, ya kifurushi na yote. Ongea na mwanao!"

Simu ikaita. Ikapokewa. Roland akakohoa, akasafisha koo.

"Maëlle? Ni mimi, mwanangu."

Huguette alikuwa amesimama karibu kiasi cha kusikia kila kitu. Alisikia magari ya Lyon yakipita nyuma, kisha sauti ya binti yake, ya upole, ile anayoitumia kwa watu asiowajua.

"Samahani, nani mwenzangu?"