Uzi Mwekundu Kwenye Aproni za Bwana Mlio

Mwalimu wa darasa letu la watu wazima anataka kila mwanafunzi aandike maisha yake kwa ajili ya kijarida cha darasa. Ukurasa mmoja, eti. Miaka sabini na miwili niiingize kwenye ukurasa mmoja, kama mtu anayekunja blanketi alitie kwenye kiberiti! Nikamwambia, "Mwalimu, mimi nimekuja kusoma, sikuja kuhojiwa." Akacheka. "Basi andika ile ya aproni tu, Bibi." Hiyo nitaandika. Hiyo hata angenikataza ningeandika, maana mpaka leo imenikaa kooni kama mfupa. Na ukurasa mmoja hautoshi, asinisumbue.

Watu wananiita Bibi Pindo. Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa arobaini na sita huu. Jina nimelipata kwa kazi: nguo yangu itapauka, itachanika, mwenyewe atanenepa mpaka vifungo viruke, lakini pindo liko palepale. Siri yake ni kwamba nikifika mwisho wa mshono narudisha sindano nyuma mara tatu. Mafundi wengine hurudisha mara moja. Wavivu hawarudishi kabisa. Mimi tatu. Shikeni hiyo tatu, nitaitaka mbele.

Kusoma sikujua. Si kwamba kichwa kilikuwa kizito. Nyumbani kwetu kaka zangu walipewa daftari, mimi nikapewa sindano. Vipimo vya wateja niliviweka kwa mafundo kwenye kamba, kila mteja na kamba yake, na hakuna mtu niliyewahi kumbana kwapa. Mteja akitaka maandishi kwenye nguo, alinichorea kwenye karatasi nami nikayafuata kama maua.

Siku moja akaingia kibandani kwangu mwanamume mmoja, shati limepigwa pasi mpaka lina makali. Akatupa mezani jora la bitana ya kijivu, ile ya kung'aa inayokaa ndani ya koti.

"Bibi, nataka aproni themanini."

"Za bitana? Bitana ni ya ndani, baba. Ukiivaa juu ni kama kutoka nje na gagulo."

"Ni za wasusi wa saluni. Nywele hazigandi."

Hapo alinipata, maana ni kweli, nywele hazigandi kwenye bitana. Akanipa karatasi yenye maneno mawili, niyashone kwenye vipande vyeupe, kisha kila kipande kikae kifuani mwa aproni.

"Yanasemaje?" nikauliza.

Akanitazama. Nikamwona anavyoniona. Akatabasamu kama mtu aliyeokota kitu njiani. "Jina la saluni tu, bibi."

Nikashona zote themanini. Kwenye lile neno la pili kulikuwa na herufi mbili zilizokaa pamoja, ndugu kabisa, mmoja amesimama na mwenzake amelala. Karatasi ilikaa upande karibu na mguu wa cherehani, nami nikawabadilishia vitanda ndugu wale. Mwenye kazi alipokuja kuchukua hata hakutazama. Nami ningejuaje?

Sasa nyumbani. Ninaishi na mwanangu na mke wake. Mwanangu anaendesha lori, wiki mbili yuko njiani, siku mbili yuko kitandani. Kwa hiyo nyumba ni mimi na mkwe wangu. Kazi yake anaifanya humo humo ndani: anavaa vitu vya masikioni, anasikiliza mikutano ya watu, na kila wanalosema analiandika kwenye kompyuta. Anaandika haraka kuliko mimi ninavyosema, na mimi nasema haraka. Alikuwa amepoteza mimba mbili. Ya tatu ilikuwa mwezi wa nne, na mle ndani tulikuwa tunatembea kwa vidole, kama vile mtoto angesikia vishindo akabadili nia.

Jioni moja, jua bado lipo, narudi kutoka kazini nakuta kompyuta iko uani, imetiwa kwenye boksi, manyunyu yanaidondokea. Ndani mkwe wangu amekaa sakafuni, macho yamevimba. Amevaa aproni ya kijivu.

"Mwanangu, kuna nini?"

"Mama, ni mimi niliyewaua."

"Uliwaua kina nani?"

"Watoto wangu. Kwa kukipakata kile kitu."

Nikamkalisha kitini, nikampa maji, ndipo maneno yakatoka. Alikuja mtu anapita nyumba kwa nyumba, na mkononi ana kidude kinacholia. Kwenye kompyuta kikapiga kelele kama paka aliyekanyagwa mkia. Akamuuliza, una watoto? Sina. Ulishabeba? Mara mbili. Unafanyia kazi wapi? Kitandani, nimeipakata. Yule mtu akatikisa kichwa, akasema, "Basi dada, jibu unalo." Halafu akamuuzia aproni.

"Imeandikwaje hapo kifuani?" nikauliza.

"Kinga miozni. Wamekosea, ni mionzi. Ndiyo hiyo isiyoonekana, inatoka kwenye kompyuta. Aproni inaizuia."

Ndugu wawili, vitanda vimebadilishwa. Nikashika pembe ya aproni, nikageuza pindo. Sindano imerudi nyuma mara tatu.

Mkono wangu. Mkono uliomvalisha yule binti gauni la harusi ndio ulioshona uongo wa kumliza. Na yule mshenzi alinifanya niushone kwa sababu aliona sijui kusoma.

Asubuhi nikampeleka zahanati. Mkunga wa pale ni mama mfupi, mkali, habembelezi mtu. Alisikiliza yote, akavua miwani.

"Binti, kompyuta inatoa mionzi, ndiyo, lakini ni hafifu. Hakuna anayeweza kusema ndiyo iliyokutoa mimba, na anayesema hivyo ni mwongo. Mimba nyingi hutoka na mama hana kosa lolote. Umenisikia? Kosa huna."

"Lakini kile kidude kililia."

"Kidude kile kitalia hata kwenye pasi! Kama unataka moyo utulie, kuna mambo madogo hayana hasara. Usiipakate, iweke mezani. Kaa mbali nayo urefu wa mkono, hata mgongo utakushukuru. Kile kisanduku cha intaneti chenye vitaa kikae chumba kingine, na kama hamkitumii mkizime. Ukimaliza kazi, zima, uondoke, utembee. Aproni kadekie."

Mimi niliridhika. Mkwe wangu hakuridhika. Nikapanga mwenyewe: meza dirishani, kompyuta juu yake, kisanduku nikakihamishia sebuleni juu ya kabati. Urefu wa mkono nikaupima kwa kamba nikaipiga fundo, kama vipimo vyangu vyote. Kompyuta ikakauka, ikawaka, lakini hakuikaribia. Ananikatia mboga na aproni ya bitana kifuani, analala nayo. Nikimwambia maneno ya mkunga ananijibu, "Mama, mkunga ananihurumia tu. Yule hakunihurumia."

Hapo nikajua dawa iko wapi. Neno limetoka mdomoni mwa yule mtu, basi litarudi mdomoni mwake, na mkwe wangu atakuwa amekaa mbele yake akisikia. Nikaapa nitamng'oa neno lile hata kwa koleo.

Sikwenda kumtafuta. Nilijua atakuja mwenyewe, maana bei yangu ni ndogo na alidhani akili yangu ni ndogo pia. Wakati namngoja nikamwambia mkwe wangu, "Nifundishe herufi."

"Leo, mama? Miaka yote hii?"

"Usinihesabie miaka. Washa hiyo mashine uniandikie kubwa kubwa."

Hapo ndipo alipoikaribia kompyuta kwa mara ya kwanza, kwa ajili yangu, amenyoosha mikono kama anayepika huku amegombana na moto. Aliandika B kubwa kama mlango. Nikasema, "Huyu ana mimba mbili." Akacheka. Wiki tatu nilikuwa sijamsikia akicheka. Nikasoma nikiwa na hasira, na niwaambie wenzangu darasani, hasira ni mwalimu mzuri kuliko huyu wetu.

Bwana Mlio akarudi. Hilo jina nimempa mimi.

"Bibi, nyingine sitini. Za Jumamosi asubuhi, nina mkutano na kina mama pale ukumbini."

"Saluni imepanuka," nikasema.

"Sana, bibi."

"Maneno yaleyale?"

"Yaleyale. Wewe fuata tu mchoro."

Nikafuata mchoro, na safari hii ndugu wawili nikawalaza kila mmoja kitandani kwake. Lakini chini ya kila kipande cheupe nilishona kipande kingine, cha pindo langu, sindano nyuma mara tatu kila pembe. Kile cha juu nilikishikiza kwa uzi mmoja mwekundu, mshono mlegevu ule wa kushikilia nguo kabla hujaishona. Ukiuvuta ncha, unakuja wote. Yeye alikuja, akahesabu sitini, akazishindilia kwenye magunia, akaondoka akipiga mluzi.

Jumamosi nikavaa gauni langu la mikono mirefu. Nikamwambia mkwe wangu, "Twende, na simu zetu mbili tuzichukue." Tukakaa mstari wa pili. Kina mama wamejaa, wengi na matumbo, wengine na watoto migongoni, na kila aliyenunua kavaa bitana. Bwana Mlio yuko mbele, kidude kinalia huku na huku, anaeleza mawimbi yanavyomtoboa mtoto tumboni. Nikasimama.

"Bwana mtaalamu, na mimi niulize. Aproni hii inazuia mawimbi ya kompyuta tu, au na ya simu?"

Hakunitambua, au alinitambua akadharau. "Yote, bibi! Hata nusu wimbi halipiti."

"Basi chukua simu yangu uifunge ndani yake. Mkwe wangu atanipigia. Kama haipiti, haitaita."

"Bibi, haya ni mambo ya kitaalamu..."

"Si umesema halipiti?" akadakia mama mmoja nyuma. "Funga tuone!"

"Funga! Funga!" ukumbi mzima.

Akafunga. Akaikunja mara nne, maskini, mikono inamtoka jasho. Mkwe wangu akabonyeza. Kimya. Bwana Mlio akaanza kutabasamu. Halafu kutoka ndani ya ile bitana jogoo akawika. Mlio wa simu yangu ni jogoo. Aliwika mpaka akamaliza, na hakuna aliyemnyamazisha kwa sababu watu walikuwa wameshikana mabega kwa kicheko.

"Ni... ni hitilafu ya mtandao," akasema.

"Kina mama," nikasema, "kifuani mwenu pembeni kuna uzi mwekundu. Uvuteni."

Vipande vyeupe vikaanguka kama majani. Chini yake, kwa herufi nilizoshona nikijua kila moja inasema nini: HII NI BITANA.

Mama mmoja akasoma kwa sauti. Wa pili. Halafu wote, kama darasa. Bwana Mlio akatupa jicho mlangoni, lakini mlangoni alikaa mwuza maziwa wa mtaani kwetu, mama mwenye mwili wake, naye akasema amechoka, hawezi kusimama ampishe.

Nikamwendea. "Unanikumbuka? Mimi ni yule asiyejua kusoma. Yule binti pale unamkumbuka? Ulimwambia jibu analo. Sasa nataka jibu lako wewe, na uliseme kwa sauti ileile."

"Bibi, nisamehe."

"Sikukuomba msamaha. Msamaha sina. Sema."

Akainamisha kichwa. "Dada, sijui lolote kuhusu watoto wako. Kidude hiki kinalia kwenye kitu chochote chenye umeme. Nilisema tu ili ununue."

"Tena. Kule nyuma hawajasikia."

Alisema mara tatu. Mara tatu, kama mshono wangu. Kisha nikampa wembe wa kufumulia, na kila aproni ya zamani yenye kinga miozni akaifumua mwenyewe, amepiga magoti, wenye nguo wamemsimamia. Kazi ya kufumua pindo langu si mchezo. Alitoka pale saa nane mchana, vidole vinamvuja damu. Wengine wanasema nilizidisha. Waseme.

Karibu na nyumbani mkwe wangu akasema, "Nimemsikia, mama." Hakusema nimeamini. Lakini Jumatatu nilipokuwa nakunywa chai nikasikia kompyuta inalia tiki tiki tiki. Nikachungulia. Amekaa mezani, mgongo wima, tumbo limeshaonekana, fundo la kamba yangu liko palepale kati yake na kioo. Aproni ilikuwa sakafuni, mlangoni, inafutiwa miguu.

Bwana Mlio amehamia mji wa pili, nasikia sasa anauza vibandiko vya kubandika nyuma ya kompyuta. Nauli ya kwenda huko ninayo, na gauni la mikono mirefu nimelifua.

Sasa wewe unayesoma kijarida hiki, usikifunge ukaenda zako. Nenda ukaangalie nyumbani kwako. Ukikuta aproni ya kijivu ya kung'aa, geuza pindo. Sindano ikiwa imerudi nyuma mara tatu, ni mkono wangu. Niletee kibandani, niifumue mbele yako. Na kama ni kibandiko, uking'oe, kisha uniandikie ulikinunua kwa nani, yuko mtaa gani, na Jumamosi ijayo atakuwa ukumbi upi. Andika wazi. Sasa najua kusoma.