Msalaba Nilioung'arisha

Kwetu Bukavu, tarehe mosi Agosti, sikukuu ya wazazi, asubuhi watu huenda makaburini. Hung'oa majani, hufagia, hupaka chokaa msalaba wa baba au wa mama, kisha mchana hurudi nyumbani kula na watoto. Mama yangu hana kaburi ninalolijua. Alifariki tukikimbia vita, akazikwa na watu wengine kando ya njia, nami nilikuwa nimetangulia mbele na wadogo zangu.

Mwaka nilipopata karatasi za kukaa London, siku hiyo ilinikuta Lewisham sina pa kwenda. Nikaingia kwenye ua wa kanisa moja la zamani. Kulikuwa na msalaba wa jiwe unaonipita urefu, umechongwa mizabibu toka chini hadi juu, lakini umeota kuvu mpaka ukawa mweusi. Nilikasirika. Hivi marehemu huyu hakuzaa?

Kazi yangu ni usafi hospitalini, na bila kujisifu, wodi yangu inang'aa. Nikarudi na ndoo, brashi ya waya na javel, ile dawa kali ya kutolea madoa. Nilisugua mpaka mabega yakaniuma, huku nikilia na kumpa mama habari zangu. Jiwe likatoka jeupe. Nilirudi kila Agosti, miaka mitatu.

Mwaka wa nne nilikwenda na binti yangu, mzaliwa wa hapa, umri miaka kumi na mmoja. Aliniuliza kwa Kiingereza chake kwa nini tunasugua jiwe la watu.

"Kaburi ya mama yangu haiko huku," nikamwambia. "Njo maana niko nasafisha hii."

Tulikuwa katikati ya kazi alipotokea bibi mmoja Mwingereza anayetunza ua ule. Hakugomba. Alipiga magoti, akapapasa kitako cha msalaba, akasema hapo palikuwa na jina. Jiwe ni laini, alisema, waya na dawa vimelila. Nikauliza ni jina la nani. Hakulijua, daftari za zamani za kanisa ziliungua, naye hakuwahi kulisoma vizuri kwa sababu ya kuvu.

Nilitamani ardhi inimeze. Mama yangu alizikwa bila jina kwa ajili ya vita, na mimi, kwa mapenzi yangu yote, nimemfutia mwenzake la kwake. Nilianza kuomba radhi. Bibi yule akanishika mkono tu.

Binti yangu alikuwa anapatazama pale palipokuwa na herufi. Kisha akaniuliza mama yangu aliitwa nani.

Sikuwahi kumwambia. Miaka yote hiyo nilisema "mama yangu", basi. Niliketi kwenye nyasi zilizolowa javel, nikamtajia jina lote, la ubatizo na la ukoo. Akalitamka vibaya. Nikamrekebisha. Akalirudia.