Mwendo wa Kimya wa Bi Tawakali

Watu wa Kinjumbi walimwogopa Tawakali kwa sababu ya mdomo wake, ingawa hakuwa mgomvi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na kila neno lililomtoka alilisimamia mpaka mwisho. Akikwambia kesho nakuja kukusaidia kupalilia, ungemkuta shambani kwako kabla wewe mwenye shamba hujaamka. Akisema sikanyagi kwako, basi hata ukifiwa angesimama uani kwa jirani, akalia hapo hapo, akarudi zake. Mumewe, marehemu Hussen, alikuwa akicheka na wenzake barazani: "Mimi sikuoa mke, nilioa muhuri. Ukishagonga umegonga."

Hussen alikufa mtoto wao wa pekee, Haruna, akiwa bado ananyonya. Tawakali alimlea kwa mihogo, kwa mikorosho michache aliyoachiwa, na kwa mikeka aliyoshona mwenyewe mpaka vidole vikawa vigumu kama magome. Hakuolewa tena. Haruna alipokua akavuka kwenda kisiwa cha Songo Songo, akapata kazi kwenye boti za abiria.

Huku nyuma, mama alikuwa ameshatoa neno. Alimwahidi shoga yake wa Somanga kwamba Haruna atamwoa binti yake. Haruna mwenyewe hakuulizwa. Siku moja akaja nyumbani na habari ya Martina, msichana Mkatoliki wa kutoka Mtama, aliyekuwa akipika na kuuza chakula kule kisiwani.

"Mama, dini haikatazi," Haruna alisema. "Nimemuuliza mwalimu wa madrasa."

"Dini sijaitaja. Nimetaja neno langu. Nitamtazamaje mama wa watu?"

Kwa desturi yao, mtoto anayekwenda kuoa humletea mzazi bakuli la maji. Mzazi huyatia mdomoni, akampulizia mwanawe kichwani na kifuani, akasema, "Nenda, nina radhi nawe." Haruna akaja na bakuli lake. Akapiga magoti mbele ya mlango, ndugu wote wakitazama. Tawakali akalipokea kwa mikono miwili, na wanawake waliokuwa pale wakashusha pumzi, wakajua yamekwisha. Akalipindua. Maji yote yakaingia mchangani, mbele ya magoti ya mtoto.

"Wallahi, kinywa hiki hakitakutamka tena."

Kaka yake, Mzee Tindwa, akasema kwa hasira, "Tawakali, okota maneno yako!"

"Yaokote wewe hayo maji," akajibu, akaingia ndani.

Neno likasimama. Haruna akaoa bila radhi. Akawa anatuma sukari, dawa ya macho, mara kanga. Tawakali alivipokea kupitia kwa mdogo wake, Sauda, na hakuuliza vimetoka wapi. Jina la mwanawe hakulitaja. Akitaka kujua habari zake alisema, "Kule kisiwani bahari imetulia?" Sauda naye alijifunza kujibu: "Imetulia, dada. Imetulia na inasalimia."

Kisha zikaja habari kwamba Martina amejifungua mtoto wa kiume, na kwamba ni yeye Martina aliyesema mtoto aitwe Hussen, jina la babu yake.

"Nani aliwapa ruhusa?" Tawakali aliuliza, akaendelea kumenya mihogo. Lakini Sauda alimwona ameumenya muhogo mmoja mpaka ukabaki kama kidole. Tangu siku hiyo hakuwa mtu wa kula vizuri. Mwishowe akaenda mwenyewe kwa mwalimu wa madrasa, kijana ambaye Tawakali ndiye aliyemfundisha kutembea zamani, walipokuwa majirani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwalimu, mtu akila kiapo kibaya anatokaje?"

"Rahisi, bibi. Unalisha maskini kumi. Ukishindwa, unafunga siku tatu. Halafu unampigia mwanao simu."

"Basi?"

"Basi. Mungu hakutaka tabu."

Tawakali akatikisa kichwa. "Hiyo nyepesi mno. Kiapo changu kilikuwa kizito. Nitafunga, lakini pia nitavuka jangwa."

Mwalimu akashika kichwa. Nyuma ya mikoko ya kule kuna uwanda mweupe ambao maji ya bahari huufikia wakati wa bamvua tu, yanapojaa kupita kiasi. Yakikauka huacha chumvi. Hapaoti kitu, hata nyasi, na wenyeji huuita jangwa. Tangu zamani, mwenye nadhiri nzito hujifunga kitambaa cheupe cha bafta mdomoni, akapiga fundo kisogoni, akaanza kutembea jua linapochomoza. Huenda polepole, peke yake, hasemi na mtu, anamtaja Mungu moyoni kwa kila hatua, mpaka afike kwenye msikiti wa kale uliobaki kuta upande wa pili. Anayekutana naye hampi salamu wala hamgusi. Humpisha njia, akainua mkono, akasema, "Allah akupokelee," akaendelea na safari yake. Yule mtu akifika huswali rakaa mbili, akafungua kitambaa, na neno la kwanza litakalomtoka ndilo nadhiri yenyewe.

"Bibi, sikiliza," mwalimu alisema. "Mtume alimkuta mtu amesimama juani, ameapa hatakaa, hatasema, hataingia kivulini, na amefunga. Akasema mwambieni azungumze, akae, aingie kivulini, funga yake aitimize. Umesikia? Azungumze."

"Nimesikia. Lakini huyo alikuwa mbele ya Mtume, alitakaswa pale pale. Mimi nani atanitakasa?"

Sauda alijaribu kwa njia yake. Akamwekea simu magotini. "Neno moja tu, dada. Mwambie nina radhi nawe. Ukimaliza, kama unataka jangwa nenda jangwani, nenda mpaka Maka kwa miguu."

Tawakali aliitazama ile simu, kioo kimepasuka kona. Kidole chake kiliinuka. Kisha akaisukuma.

"Nilimvunjia heshima mbele ya watu. Siwezi kumrudishia ndani ya kikopo hiki. Nitavuka, nitalisema pale msikitini, kisha nipande boti niende nikampulizie maji kwa mdomo wangu. Na huyo mtoto wake nimpulizie. Na mkewe, akitaka."

"Na mkewe!" Sauda akapiga kigelegele kidogo, halafu akalia.

Alifunga siku zake tatu. Siku iliyofuata alitoka jua likichungulia, bafta imekazwa vizuri, kanga mpya mabegani, ile ya kisiwani. Sauda alizungukia njia ya barabara, kwenda kumngoja msikitini na chupa ya uji.

Mwanzo jangwa lilimpokea vizuri. Chumvi ilivunjika chini ya nyayo zake kwa sauti ndogo, kama mtu anayekula bisi. Kila hatua aliisindikiza kwa jina la Mungu, bila kunong'ona, ulimi umelala. Hakuwahi kujua kwamba ndani ya kichwa chake kuna kelele nyingi namna ile. Zilikuja zote: maji yakiingia mchangani, uso wa Haruna, sauti ya Tindwa. Akaziacha zipite. Baadaye zikapungua, zikabaki hatua, pumzi na Jina. Jua lilipopanda, ardhi ikawa inang'aa mpaka macho yakauma, lakini moyo wake ulikuwa mwepesi. Neno lilikuwa tayari nyuma ya meno. Nina radhi nawe, Haruna.

Kuta za msikiti zilianza kuonekana. Hapo ndipo mguu wa kulia ulipokataa.

Alidhani amekanyaga tope. Akauvuta, ukaburuzika. Mkono wa kulia nao ukawa mzigo wa mtu mwingine aliobebeshwa begani. Akakaa, au tuseme ardhi ilimkalisha. Akasema moyoni, bismillah, nitainuka. Hakuinuka. Akaogopa. Akaamua kuvunja nadhiri, apige kelele, Mungu atamsamehe. Ndani ya kichwa aliita, "Jamani, nisaidieni!" Kilichotoka nyuma ya bafta kilikuwa mlio mmoja tu, mrefu, usio na neno ndani yake.

Hakuwa peke yake. Hatua chache kutoka pale palikuwa na mashimo ya chumvi, na watu wawili walikuwa wamekaa chini ya turubai. Mmoja alikuwa Abdulrahmani, mvuna chumvi mzee wa Kinjumbi. Wa pili alikuwa Stefano, dereva wa bodaboda kutoka bara, aliyekuja kuchukua magunia.

"Mzee, yule mama kaanguka!"

"Hajaanguka, amekaa. Hukioni kitambaa? Yule ni Tawakali, ana nadhiri."

"Nadhiri gani ya kukaa juani? Mbona anatoa sauti?"

"Analia kwa Mola wake. We kijana, ninyi hamjui mambo yetu. Ukimgusa umemharibia yote, arudie upya na umri ule. Utabeba wewe hiyo dhambi?"

Tawakali alisikia kila neno. Aliinua mkono wa kushoto, uliobaki wake, akaupunga kwa nguvu zote.

Abdulrahmani akasimama kwa heshima, akainua na wa kwake. "Allah akupokelee, dada!"

Tawakali akatoa tena ule mlio.

"Amina!" mzee akaitikia.

Tawakali akajaribu kuivua bafta. Fundo lilikuwa kisogoni, alilipiga mwenyewe kwa mikono miwili, na alilipiga kama alivyofanya mambo yake yote. Mkono mmoja haukuliweza. Stefano alisogea mara mbili, na mara mbili mzee alimshika shati. Mwishowe kijana akapakia magunia, akaondoka huku akigeuka nyuma. Abdulrahmani alirudi kwenye mashimo yake akitembea kwa kunyata, asimkatize mtu ibada. Na hakuwa mtu mbaya yule mzee. Alipoondoka kwenda kula aliacha kibuyu cha maji mahali ambapo Tawakali angekiona, na alikiona, mchana wote.

Sauda alimkuta alasiri, baada ya kuchoka kungoja. Alipofungua bafta akaona mdomo umekwenda upande.

Hospitali walisema ni kiharusi, na kwamba angefikishwa mapema ingekuwa habari nyingine. Walimkalisha siku chache, wakamrudisha nyumbani. Kusema hakuweza tena. Akili yote ilikuwepo, macho yake yalisema hivyo, lakini hakikutoka kitu. Wanawake walikuja kumtazama kwa unyenyekevu. Wengine walinong'ona kwamba Mungu ameipokea nadhiri yake mno, amemfanyia ukimya wa daima. Mmoja akaomba kipande cha ile bafta akamfunge mwanawe mwenye degedege. Sauda akamfukuza na mwiko.

Haruna alikuja na boti ya kwanza aliyoipata, na Martina, na mtoto mgongoni. Martina hakungoja kuoneshwa kazi. Alimwosha mkwe wake, akambadilisha, akampaka mafuta miguuni palipobabuka kwa chumvi, akizungumza naye kama watu wawili waliozoeana. "Mama, nikugeuze? Haya, nakugeuza. Mama, huyu mjukuu wako ana meno mawili, anang'ata kama panya." Tawakali alimtazama, machozi yakateremka kwenye jicho moja tu.

Sauda akawaambia ndugu yote aliyoyajua: kwamba dada yake alivuka kwa ajili ya Haruna, na kwamba neno lilikuwa tayari. Ikaamuliwa aletewe maji. Haruna akapiga magoti kando ya kitanda. Martina akamwinua mama, akamshika shingo. Bakuli likafika midomoni.

Tawakali aliyavuta maji. Alivuta kwa hamu mtu anayoweza kuwa nayo mara moja tu maishani. Akayashika. Akamtazama mwanawe, paji lile la Hussen, akakusanya pumzi. Midomo ya upande wa kulia ikafunguka yenyewe. Maji yakateremka kidevuni, shingoni, yakalowesha kanga, yakadondoka sakafuni mbele ya magoti ya Haruna. Hakuna tone lililomfikia.

Walijaribu tena. Yakamwagika tena. Mara ya tatu akapaliwa, Martina akasema, "Basi jamani, mtamuua."

Mzee Tindwa, ambaye umri umemwondolea breki za ulimi, akasema taratibu, "Yamemwagika. Kama siku ile."

"Kaka!" Sauda akapiga kelele.

"Nimesema nilichokiona."

Mwalimu alikuwepo mlangoni. Akaingia akamshika Haruna bega. "Radhi iko moyoni, Haruna. Mama yako alitoka na nia, na Mungu anaijua."

Haruna alikuwa akiitazama ile sakafu yenye maji. "Mungu anajua, mwalimu," akasema. "Mimi ndiye sijui."

Tawakali akalisikia na hilo. Akainua mkono wa kushoto kutaka kumshika kichwa, na Haruna, ambaye tangu utotoni alifundishwa na mama huyo huyo kwamba mkono wa kushoto hautoi wala haupokei, akabaki ameutazama, hakujua aufanyeje. Ulipochoka ukashuka. Martina ndiye aliyeudaka. Akaushika kwa mikono yake yote miwili, akauweka juu ya kichwa chake mwenyewe, kisha juu ya kichwa cha mtoto.

Tawakali alifariki Ijumaa, kabla ya adhana ya adhuhuri. Abdulrahmani alichimba kaburi na hakukubali kupokewa jembe, wala hakusema na mtu. Stefano alikuja mazishini, akasimama mbali na pikipiki yake. Haruna alishuka kaburini, akampokea mama yake, akamlaza ubavu wa kulia, akamwelekeza kibla. Watu wakamngoja atoke. Alikuwa ameinama karibu na sanda, akisema kitu, kisha anatulia kama anayesubiri ajibiwe, anasema tena, anatulia. Mpaka mwalimu akamnyooshea mkono, akamvuta.

Ee Mola, Wewe uliyesikia lile neno kabla halijafika kwenye meno yake, mfikishie mwanawe Wewe mwenyewe. Sisi lilitushinda.