Siku Babu Alipochomoa Waya wa Seva

Mnaotaka kucheka chekeni sasa mmalize, maana habari hii nikiisimulia uso unaniwaka, na mpaka leo watu wa Muheza nikikutana nao sokoni wananiuliza, "Mumeo hajambo?"

Mimi ndiye niliyekitengenezea chama chetu cha wakulima wa machungwa tovuti ya kupokea oda, ikae palepale ofisini kwetu, tusimpigie magoti mtu wa mbali. Nilichukua kompyuta tatu za mtumba nikaziunga ziwe klasta, yaani zifanye kazi kama moja, programu nikaifunga ndani ya kontena, kifurushi cha programu kinachobeba kila inachohitaji, ili kompyuta moja ikizimika nyingine iipokee na kazi iendelee (nilijisifu kwa hilo mpaka mama akaniomba nipumzike). Kosa langu lilikuwa dogo, dogo kabisa: taarifa za wakulima niliziacha kwenye diski ya kompyuta moja tu. Aah, nikajiambia, hiyo nitairekebisha baadaye, leo nimechoka.

Siku ya kuizindua akaja mama mnunuzi kutoka Dar, mwenye kiwanda cha juisi. Alishasema wazi kwamba mfumo ukifanya kazi mbele ya macho yake, msimu huu ananunua kwetu moja kwa moja, ukisuasua anarudi kwa madalali, na machungwa yetu yalishaiva mtini. Ukumbi umejaa, projekta inamulika ukutani, majina ya wakulima na mashamba yao yanasomeka vizuri. Nami kwa kiherehere changu nikatamka, "Hata mtu akichomoa waya wa kompyuta moja, hii haizimi!"

Babu Mhina akainuka. Huyu ni ndugu yake babu mzaa mama, mkulima mkongwe, na kwetu babu na mjukuu ni utani mtupu, tangu naota meno ananiita mke wangu. "Haya tuone, mke wangu," akasema, na kabla sijameza mate kashachomoa. Na katika zote tatu, kaipata ileile yenye taarifa!

Ukuta ukawa mweupe. Tukasubiri, mama mnunuzi akaangalia saa yake. Mara tovuti ikarudi, makofi yakalipuka, nikaugeukia umati na kuinua mikono kama nimefunga goli. Makofi yakakatika ghafla. Nikageuka. Lahaula! Programu ilipozikosa taarifa za kweli kwenye kompyuta ile nyingine, ilijijazia zile za majaribio, nilizoziandika siku najenga, niko peke yangu na ujinga wangu: "Mkulima: Mhina, mume wangu. Machungwa: makavu kama mwenyewe. Ndoa anaitaka, meno hana."

Mama mnunuzi alisoma kwa sauti, taratibu, mpaka mwisho. Akanitazama mimi, akamtazama babu. "Huyu mzee ni mumeo?"

"Ni babu yangu, mama," nikajibu. "Ni utani tu." Wallahi nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, wengine wanagaragara, na babu akasimama wima kwa hasira ya uongo. "Mimi mkavu, sawa. Machungwa yangu, hapana!" Akatoa moja mfukoni, akalikata kwa kisu, akampa mama wa watu, naye alipolikamua mdomoni maji yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Mimi huku nimeinama chini ya meza, nachomeka waya, nairudisha programu kwenye kompyuta ile ya mwanzo. Taarifa zote zikarudi, hakuna jina lililopotea.

"Imekatiwa umeme, imerudi," mama mnunuzi akasema huku anajifuta. "Na madalali hawajawahi kunichekesha." Akatoa simu, akaagiza palepale, na jina la kwanza lililotokea ukutani ni Mhina. Vigelegele! Nililia, sifichi, nililia kwa furaha mbele ya watu wote.

Babu akanisubiri mlangoni. "Umenitukana mbele ya wageni, toa faini." Akanivua viatu vyangu vipya, nikatembea peku mpaka stendi, kichwa juu, najiona malkia.

Sasa taarifa zinahifadhiwa kwenye kompyuta zote tatu, na nikifanya majaribio mkulima wangu anaitwa Mkulima, basi, utani nimeuachia nyumbani. Viatu nimeshadai mpaka nimechoka. Anavivaa bibi, mke wa babu, kila akienda harusini, anasema mke mdogo kamzawadia.