Paja Lililoitwa Goti

Uvimbe ulikuwa pajani, upande wa ndani, mgumu kama kokwa ya embe, wala hauumi. Nilikuwa namnyonyesha mtoto wangu wa kwanza, nikikaa kwa wakwe, Gazi. Nilimwambia mama mkwe. Yeye akampelekea baba mkwe habari kwamba goti linanisumbua, maana paja la mke wa mwana halitajwi mbele ya baba mkwe. Nami nikanyamaza. Ndiyo adabu niliyofunzwa.

Basi goti likaitiwa mkandaji. Mkandaji huyo alilikanda kwa mafuta ya nazi jioni baada ya jioni, goti zima lisilo na kosa lolote. Huko juu uvimbe ukawa unakua. Mume wangu alikuwa mpishi hotelini Diani. Kila nilipotaja hospitali alinijibu kwamba mwenye kuamua ni babake.

Nilipoanza kuchechemea ndipo nikapelekwa Mombasa. Nikatolewa kinyama cha kupimwa. Siku ya majibu daktari alimweleza baba mkwe, nami nimekaa papo hapo na mtoto mapajani. Alisema ni kansa ya nyama. Njia aliyoiona bora ni kuukata uvimbe pamoja na sehemu ya nyama isiyo na ugonjwa inayouzunguka, kisha nipigwe miale ya kuua mabaki ya kansa, Nairobi. Dawa za mshipani hakuzitegemea sana kwa aina hii, na ningelazimika kumwachisha mtoto ziwa. Tukichelewa, mguu wote utaondoka.

Baba mkwe, mtu mpole, alishukuru sana. Kisha akasema goti halikatwi, tutarudi nyumbani tuendelee kulikanda.

Daktari akauliza goti gani.

Nikamweka mtoto kitandani, nikasimama, nikapandisha leso niliyojifunga mpaka penye uvimbe. Baba mkwe akageukia ukutani, akimwomba Mungu stara.

"Baba, usigeuke. Unachokiamua ni hiki, kitazame."

"Jifunike, mwanangu."

"Nitajifunika ukishaona."

Akageuka. Alitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha akamwuliza daktari kama nitatembea nikikatwa hivyo. Daktari akasema nitatembea, ila kwa kuchechemea.

"Haya, akatwe," akasema baba mkwe.

Hata hapo neno alilisema yeye. Nikateremsha leso, nikamwambia daktari aniulize mimi. Akamtazama mzee kwanza, kisha akaniuliza.

"Kata," nikasema.