Chui Mdogo Begani

Kama woga ungekuwa mtaji, Fundi Vioo angekuwa tajiri wa kwanza mtaani kwao. Kazi yake ilikuwa kukata vioo, kuvibeba na kuvipachika kwenye madirisha ya watu, na kazi hiyo kwa kweli haitaki shujaa. Alipita barabarani amekikumbatia kioo chake huku akipiga kelele, "Kioo! Kioo jamani, nipisheni!" hata pale ambapo hapakuwa na mtu wa kupisha. Watu walimcheka, naye hakujali. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa kilio, aliwajibu, kisha akawaonyesha vidole vyake, vyote vipo.

Tangu mkewe afariki, woga ule ulihama kwenye vioo ukaingia nyumbani. Aliachiwa binti mmoja, ambaye kila mtu alimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki. Fundi aliogopa homa, aliogopa ngazi, aliogopa hata mbegu za chungwa. Chiriku akilala kimya, baba huinama kusikiliza kama anapumua. Akikoroma, baba huogopa kule kukoroma. Kumsuka nywele ndio ulikuwa mtihani wa mwisho wa dunia. Mtu aliyeweza kukata kioo sawasawa na uzi alishindwa kugawa kichwa cha mtoto katikati.

Mama mkwe wake aliyaona yote hayo. Alikuwa mama mpole, wala si wale wakwe wa kusimuliwa kwenye vibaraza. Alimketisha akamwambia taratibu, "Mwanangu, hakuna anayesema umeshindwa. Umechoka tu. Nipe mtoto nikae naye. Wewe njoo umwone utakavyo."

"Nitafikiri, Mama," alisema Fundi.

Akafikiri, na kadiri alivyofikiri ndivyo alivyozidi kuogopa, mpaka akajiambia kwamba mtoto wa mtu mwoga hivi afadhali alelewe na mwingine. Akakubali. Jumamosi jioni angempeleka akae huko moja kwa moja. Kwa Chiriku alisema tu kwamba wanakwenda kumsalimia bibi. Akampakia nguo kwenye mkoba, zote, hadi sweta, kisha akaona aibu kumpeleka mtoto hivihivi kama mzigo. Akaamua kwanza ampitishe kwenye ukumbi wa maigizo, kwenye mchezo wa bure, afurahi kidogo. Mwenyewe aliuita mchezo. Moyoni alijua kuwa ni kuaga.

Ukumbi ule ulikuwa na desturi yake. Kila Jumamosi mchana milango hufunguliwa bure kwa watoto na wazazi wao, na mtoto hakai pale kama mgeni. Akiingia tu hupakwa rangi usoni, akavishwa kizibao na kofia ya mnyama wa siku hiyo, vilivyoshonwa kwa mapazia yaliyochakaa. Kisha watoto wote huketi kwenye mkeka mkubwa mbele ya jukwaa, kwa sababu nao wamo mchezoni, na wazazi hukaa nyuma kwenye viti. Jumamosi ile mnyama alikuwa chui. Aliyebuni desturi hiyo bila shaka hakuwahi kumtafuta mwanawe kati ya chui wadogo wanaofanana kama punje za mahindi.

"Baba, mimi chui!" Chiriku alisema, uso umejaa madoa meusi, masikio ya kitambaa yamesimama. "Nikuume?"

"Niume kidogo," alisema Fundi.

Akaumwa mkono kidogo. Akampeleka hadi mkekani, akamweka karibu na nguzo ili asimpoteze, akarudi kwenye kiti cha nyuma kabisa na mkoba wake magotini. Taa zikazimwa. Ngoma ikalia. Chui mkubwa akaruka jukwaani na chui wadogo wakanguruma kwa pamoja, na Fundi akashtuka kuliko mtoto yeyote. Aliitazama ile nguzo gizani mpaka macho yakamuuma. Lakini usiku uliotangulia hakuwa amepata hata lepe la usingizi, na usingizi hauna adabu. Ulimchukua palepale, kichwa juu ya nguo za mtoto.

Makofi ndiyo yaliyomwamsha. Mchezo umekwisha, ukumbi nusu giza, wazazi wanasukumana mkekani kila mtu anaokota wake. Fundi alisimama, akapenya katikati ya watu mpaka kwenye nguzo. Chui alikuwepo, amejikunja, usingizi mzito. Alhamdulillahi, alisema moyoni. Akamwinua taratibu kama anavyoinua kioo, akamlaza begani, mkoba mkono wa pili, akatoka nje kwenye jua.

Alipita duka la viatu, akapita kwa kinyozi, na kila hatua ilikuwa inamsogeza kwa mama mkwe. Alikuwa akitafuta maneno ya kumwambia mtoto akiamka, na hakuna hata moja lililokaa vizuri mdomoni. Karibu na kibanda cha muuza vocha alihisi kichwa kinainuka begani.

"Mama yuko wapi?" sauti ilisema kwa usingizi.

Fundi alisimama kama aliyegonga ukuta. Chiriku hakuwa ameuliza swali hilo tangu siku ya msiba. Kwa nini leo? Kwa nini siku hii hii?

"Mwanangu," alisema, macho yakimjaa machozi, "si tulishaongea? Mama hatarudi."

Mtoto alijitenga na bega lake, akamtazama. Macho yale hayakuwa ya Chiriku. Hata kucha zilizomshika shati zilikuwa zimepakwa rangi nyekundu, na nyumbani kwa Fundi hakukuwa na mtu wa kupaka mtoto rangi ya kucha.

"Wewe si baba!" mtoto alipiga kelele. "Nataka mama! Mama!"

Nisikilize wewe unayesoma umetulia kwenye kiti chako. Mwanamume peke yake, mchana kweupe, barabara imejaa watu, ana mkoba wa nguo za mtoto mkono mmoja na mkono wa pili ana mtoto anayelia kwamba huyu si baba yangu. Na ndio kwanza amemwambia mama yake hatarudi. Watu wameuawa kwa chini ya hapo.

Muuza vocha, mama mnene mwenye sauti ya mnadani, alikuwa ameshatoka kibandani. "Wewe baba, huyo mtoto ni wako?"

Fundi alifungua mdomo. Akisema ni wangu, mtoto atamkana. Akisema si wangu, basi amejihukumu. Alizidi kumkaza mikononi, asije akamwangusha mtoto wa watu. Kinyozi alikuwa amefika na aproni yake, na nyuma yake wateja, mmoja amenyolewa nusu kichwa. Kuna mtu alisema neno "mwizi", si kwa sauti kubwa, na neno hilo likaanza kupita kwa watu mmoja mmoja.

Hapo ndipo wazo la pili lilipomfikia, na lilikuwa baya kuliko rungu lolote. Kama huyu si Chiriku, Chiriku yuko wapi?

"Si wangu!" alipiga kelele yeye mwenyewe. "Jamani si wangu! Nimekosea kumbeba, wamepakwa rangi wote, wangu nimemwacha kule ukumbini! Nishikeni mnavyotaka, ila twendeni wote! Twendeni sasa hivi!"

Watu walitazamana. Mwizi anayewaomba watu wamfuate hawakuwahi kumwona.

"Haya twende," alisema muuza vocha. "Ila mtoto nambeba mimi. Njoo kwa shangazi, mama, usilie. Na wewe kinyozi, mshike huyu."

Kinyozi akamshika Fundi mkanda kwa nyuma, wakaanza kukimbia. Ulikuwa msafara wa ajabu: mbele mtu analia bila haya, nyuma yake kinyozi amening'inia kwenye mkanda, kisha chui mdogo mikononi mwa mama mnene, halafu mteja wa nusu kichwa na shuka lake la kinyozi shingoni. Siku nyingine Fundi mwenyewe angecheka. Siku ile alikuwa akiona kitu kimoja tu, mkeka mtupu. Alimwona Chiriku amesimama kwenye geti anamwita kila mwanamume baba. Alimwona ameshikwa mkono na mtu asiyemjua. Uchungu wa mwana aujua mzazi, husema watu, na yeye miezi yote ile alikuwa akijiona si mzazi wa kutosha. Kumbe uchungu haukuuliza kama anatosha.

Mlangoni pa ukumbi walimkuta mama wa yule mtoto kichwa wazi, kitambaa chake ameshika mkononi, amemkunja mlinda mlango shati, anamtikisa. Alipomwona binti yake alimnyakua, akamnusa, akamfuta madoa kwa kiganja apate kuuona uso wake. Kisha akamgeukia Fundi na kumpiga kofi moja la uhakika. Fundi hakusogea. Alimwomba radhi na shavu likiwaka.

"Nilitoka kupokea simu," mama yule alisema. "Simu tu! Nilimwacha amelala karibu na nguzo, nikarudi hayupo."

"Wangu je? Kuna mwingine alibaki pale kwenye nguzo?"

"Hakukuwa na mtu pale."

Mlinda mlango naye alitikisa kichwa. Watoto wote walishachukuliwa, mkeka umekunjwa, watu wanaandaa mchezo wa jioni.

Fundi aliingia ndani anaita jina la mtoto wake, lile la kweli na lile la Chiriku, na hakujibiwa. Hilo ndilo lililommaliza. Mtoto ambaye hujibu kabla hujauliza, leo kimya. Walitafuta nyuma ya pazia. Walitafuta chooni, chini ya jukwaa, kwenye chumba cha mavazi, ambako chui mkubwa alikuwa amevua kichwa anakunywa maji. Kinyozi alikuwa ameshauachia mkanda, anatambaa chini ya viti kama wengine. Fundi alianza kusema "Mungu wangu, Mungu wangu," bila kumaliza sentensi.

"Huyu hapa!" aliita muuza vocha.

Chiriku alikuwa safu ya nyuma kabisa, kwenye kiti kile kile alicholalia baba yake. Ameketi wima, miguu haifiki chini, kofia ya masikio ameivuta hadi machoni, mikono magotini. Watu walikuwa wamempita pale gizani zaidi ya mara moja. Hakuwa analia. Machozi yalikuwa yamekwisha kupita, yameacha mistari kwenye madoa.

Fundi alipiga magoti mbele yake, akamshika miguu yote miwili.

"Ulikuwa wapi?" aliuliza.

"Nilienda kushika ngoma. Nikarudi, nikakuona."

"Uliniona?"

"Nilikuona unambeba yule, na mkoba."

"Sasa mbona hukuniita, mwanangu? Wewe! Wewe unayeita hata paka wa jirani!"

Chiriku aliangalia magoti yake. "Nilidhani umebadilisha," alisema. "Nilidhani yule ndiye atakaa na wewe."

Muuza vocha aligeuka pembeni, akashika pua. Kinyozi alianza kujikung'uta vumbi ambalo halikuwepo. Fundi alibaki pale chini. Alikuwa amefikiri mtoto hajui. Kumbe alijua mkoba ni wa nini, tangu lile sweta lilipoingia ndani, akaingia mchezoni, akanguruma na wenzake, akamuuma mkono kidogo, huku anajua. Aibu ilimshuka mpaka kwenye nyayo, na chini ya aibu woga wake ulikuwepo palepale, haujapungua hata chembe.

"Sibadilishi," alisema. "Sikiliza. Wewe ni wangu, hubadilishwi na mtu. Hata na chui wa kweli."

"Kwa bibi je?"

Fundi alitoa simu, akapiga.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mko njiani? Kitanda nimeshakitandika."

"Leo hatuji, Mama. Tutakuja kukusalimia. Kukaa, hapana. Anabaki na mimi."

Fundi alisikia saa ya ukutani ya mama mkwe ikigonga, au labda ni moyo wake.

"Kuna nini?" aliuliza mama mkwe. "Sauti yako inatetemeka."

"Naogopa, Mama. Naogopa kuliko jana. Lakini anabaki na mimi."

"Haya," alisema mama mkwe, na haikujulikana kama amekubali au ameahirisha. "Mpe simu nimsikie."

Chiriku aliipokea simu kwa mikono yote miwili. Alivuta pumzi, kofia ikamteleza nyuma, na mdomo ule usio na breki ukafunguka. "Bibi! Leo baba kabeba mtoto wa watu akaniacha mimi! Akashikwa na kinyozi! Na kuna mama kampiga kofi, paaa!"

Fundi alinyoosha mkono kuinyang'anya simu. Halafu akaurudisha, akakaa chini kwenye sakafu karibu na miguu ya mtoto, akamwacha aeleze yote.