Chombo Kilichomshtaki Mwalimu

Nilikiandika chombo hicho cha kompyuta kwa miezi kadhaa, nikitoka kazini mjini, katika chumba changu karibu na mtaa wa Adams. Kazi yake ilikuwa kuharibu programu makusudi: kugeuza jumlisha kuwa toa, kisha kutazama kama majaribio ya programu hiyo, yaani vipimo vidogo vinavyoikagua, yatashtuka. Yakinyamaza, basi ni walinzi waliolala.

Nilikiweka mtandaoni, bure kwa yeyote, nikaandika wazi kwamba bado ni cha kujaribia tu. Nilihitaji mfano. Nikachukua programu ya kuazimisha vitabu ambayo mwalimu wangu wa chuo, mzee mwenye asili ya Mombasa, aliwaachia wanafunzi waitumie watakavyo. Chombo kikasema majaribio yake yamelala mahali patatu. Nikayabandika matokeo hadharani, pamoja na anwani ya programu yenyewe. Kusema kweli, nilijisikia fahari.

Wiki ya pili akanipigia simu. "Njoo nyumbani Jumamosi. Na hiyo kompyuta yako."

Nilifika kwake mtaani Parklands, kompyuta kwapani. Mkewe alileta chai na mahamri, akatuacha.

"Nani aliyesema programu yangu ina kasoro?" akaniuliza.

"Chombo, Mwalimu."

"Chombo nimekisikia. Nakuuliza wewe. Uliisoma?"

Sikuwa nimeisoma. Niliinamisha kichwa kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

"Haya, tusome sote."

Mahali pa kwanza, programu iliongeza siku za sikukuu kwenye tarehe ya kurudisha kitabu, iwapo zimezidi sifuri. Chombo changu kilikuwa kimeigeuza iongeze hata zikiwa sifuri.

"Ukiongeza sifuri, kimezidi nini?" akauliza. "Jaribio gani litakalogundua badiliko lisilobadilisha kitu?"

Nikaona. Pa pili palikuwa vivyo hivyo. Nilikuwa nimemwaibisha bure mbele ya watu nisiowajua.

"Nisamehe, Mwalimu."

Alikuwa ameinamia kioo cha kompyuta, miwani imeshuka puani, akisoma mahali pa tatu. Akasoma tena. Chai yake ikapoa.

"Hapa kimesema kweli," akasema hatimaye. "Ukigeuza hivi, kitabu kimoja chaweza kuazimwa na watu wawili kwa wakati mmoja, na majaribio yangu hayajui. Miaka yote hii!" Akavuta kompyuta kwake, akaandika mwenyewe jaribio lililokosekana, polepole, kwa vidole viwili.

Jioni hiyo nilitaka kuufuta mfano wote. Akanikataza. "Uache, mwanangu, lakini uandike yote matatu yalivyokuwa."

Niliandika. Tangu hapo watu wengi wamenitumia malalamiko kuhusu chombo hicho, na Mwalimu ndiye hodari kuliko wote. Mwezi uliopita alinitumia makosa mengine manne ya chombo. Nilipoketi kuyasoma moja moja, niligundua kwamba katika moja alikuwa amekosea yeye. Nilimpigia simu, nikamweleza kwa adabu. Alicheka hadi akakohoa.